SIKUKUU YA WALIOTOKA KUZIKA

Somo: Hesabu 9:6–14 na Walawi 10:16–20

 

Noeli imekaribia tena. Kwaya zinafanya mazoezi mpaka usiku, watoto wa shule ya Jumapili wanagombania nani awe Mariamu na nani awe mchunga kondoo, na akina mama wameanza kuulizana kama mafuta ya mgao yatakuwa yamefika kabla ya tarehe 25. Mchungaji aliponiomba niandike neno la sikukuu nilifikiri niandike juu ya furaha, kama tulivyozoea. Akanijibu, "Mzee, juu ya furaha tutasikia madhabahuni. Wewe andika kwa ajili ya nyumba zilizozika mwaka huu." Alijua kwa nini ananituma mimi.

Basi, ninyi ambao mwaka huu mmezika, ukurasa huu ni wenu. Wengine wanaweza kusoma, lakini wasome kwa upole.

Fungueni Hesabu sura ya 9. Wana wa Israeli wako jangwani Sinai, mwaka wa pili tangu watoke Misri. Wanakaa katika mahema. Sisi tulioingia hapa Nyarugusu mwaka 1996, tukalala chini ya mashiti huku mvua ikipiga, hatuhitaji mtu wa kutueleza hema ni nini. Siku ya Pasaka imefika, siku ya kumi na nne ya mwezi wa kwanza, jioni. Kila nyumba inaandaa mwana-kondoo. Hii ni sikukuu yao kubwa kuliko zote, kwa maana ndiyo kumbukumbu ya usiku ule waliotoka utumwani.

Lakini kuna watu fulani wamesimama pembeni. Wamegusa maiti, na sheria inasema aliyegusa maiti ana unajisi wa siku saba (Hesabu 19:11). Hawawezi kula Pasaka siku hiyo. Angalieni sana hapa, wapendwa, maana wengi tunasoma neno "najisi" tukadhani ni dhambi. Watu hawa hawakufanya dhambi. Walifanya lile ambalo kila mtu mwema hulifanya, yaani walimzika mtu wao. Nani angemzika kama si wao? Wajibu wao wa upendo ndio uliowatoa mezani.

Biblia haisemi ni akina nani. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walijiuliza swali hilo. Mmoja alisema ni wale waliokuwa wamebeba jeneza la Yusufu, kwa kuwa Musa alitoka Misri na mifupa ya Yusufu (Kutoka 13:19). Mwingine alisema ni Mishaeli na Elsafani, waliowatoa nje Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, walipokufa ghafula (Walawi 10:4). Sisi hatuwezi kukata shauri hilo. Ila mimi nikiwaza juu ya watu wanaotembea jangwani miaka na miaka wakibeba mifupa ya babu yao ili ikazikwe kwao, nawafahamu watu hao. Wako katika kanisa hili.

Sasa watu hao walifanya nini? Hawakunyamaza, wala hawakwenda kulala wakasema, "Mungu ametukataa." Walikwenda mbele ya Musa na Haruni siku ileile wakauliza: kwa nini tuzuiwe sisi kumtolea Bwana sadaka pamoja na ndugu zetu? Ni swali lenye uchungu ndani yake. Na Musa, nabii mkubwa namna ile, hakuwa na jibu. Aliwaambia wasubiri, akamuulize Bwana.

Ndugu zangu wazee wa kanisa, nasema na ninyi na mimi mwenyewe. Ni mara ngapi tumeingia katika nyumba ya kilio na jibu tayari mdomoni? "Mungu amempenda zaidi." "Usilie, wewe ni mwokovu." "Ilikuwa siku yake." Musa alisema, ngojeni kwanza niulize. Afadhali tuige mfano huo, tukae kwenye mkeka na kunyamaza, kuliko kumpa mfiwa maneno tuliyoyakariri.

Na Bwana alijibu. Hakusema wavumilie mpaka mwaka ujao, wala hakusema wajikaze wale hivyo hivyo na uchungu wao. Aliwapa siku nyingine: mwezi wa pili, siku ya kumi na nne, jioni. Mwezi mzima baadaye. Tena hakuwapa hao tu. Akaongeza kundi ambalo hata halikuuliza, yaani mtu aliye katika safari ya mbali. Aliyefiwa na aliye safarini, Bwana amewaweka katika mstari mmoja. Je, kuna familia hapa ambayo haimo katika mstari huo? Sisi wengine tumo mara mbili.

Niwaambie sasa habari ya nyumba yangu.

Mwezi wa kumi mwaka 2019 mke wangu alifariki, baada ya kuugua wiki tatu. Nilibaki na watoto watano. Mgao wa mwezi uliofuata tulikwenda na mkubwa wangu kupanga mstari, na karani akasoma kadi yetu kwa sauti: "Watu sita." Tulikuwa saba. Binti yangu aliniangalia, mimi nikaangalia chini. Nadhani siku hiyo ndipo nilipokata shauri, ingawa sikusema kitu, kwamba mwaka huo hakuna Noeli nyumbani kwangu.

Mjue kwamba kwetu Noeli ilikuwa ya mama yao. Kuanzia Septemba alikuwa anatoa kikombe kimoja cha maharage katika kila mgao, anakificha, halafu anabadilishana na jirani kwa mchele. Alinunua kitenge kimoja, akashona sketi za wasichana na mashati ya wavulana kutoka kitambaa hicho hicho, na kilichobaki alijifunga kilemba, hata watu wakituona njiani walijua hawa ni wa nyumba moja. Sombe aliitwanga mwenyewe, hakumwamini mtu mwingine, na mawese na ndagala wakavu kama walivyopika kwao pale kando ya ziwa, upande wa Baraka. Na wakati wa kugawa chakula alianza na mdogo kabisa, akapanda mpaka kwangu mimi wa mwisho. Nilipolalamika alisema Yesu mwenyewe alikuja akiwa mdogo.

Hayo yote nilitaka yazikwe pamoja naye. Ndugu zake nao waliniunga mkono. Walisema matanga hayajaondolewa, atakayecheka katika nyumba hii kabla ya mwaka kuisha anamdharau marehemu. Nikaona hiyo ni heshima. Tarehe 25 sikwenda ibadani, mimi mzee wa kanisa. Nilikaa ndani, ngoma za kwaya zikisikika, na watoto nikawaambia wakae kimya.

Mchana mdogo wangu wa miaka 5 alitoroka akaenda kwa majirani, familia ya Warundi waliofika hapa mwaka 2015. Walipomuuliza mbona hamjavaa, aliwajibu: "Baba amesema mwaka huu Yesu hakuzaliwa kwetu."

Mimi sikusema maneno hayo. Lakini mtoto alikuwa ametafsiri vizuri alichokiona.

Mama wa nyumba ile akaja na bakuli la wali lililofunikwa. Hakuingia kunihubiria. Aliweka bakuli juu ya kigoda akasema, "Mzee, tumewaletea Noheli. Mtaila mtakapoweza." Akaenda zake. Hatukula siku hiyo. Tulikula tarehe 26 jioni, wali umelala, baridi, hata kuupasha moto hatukuupasha. Na huo, ndugu zangu, ndio uliokuwa mwezi wa pili wetu, ila sikuwa nimelijua andiko bado.

Katika wiki za mwanzo za Januari nilikuwa nasoma Hesabu usiku kwa sababu usingizi ulikuwa hauji. Hesabu ni kitabu ambacho watu wengi hukiruka. Ni orodha za majina na idadi za makabila. Lakini kwa mtu aliyesikia "watu sita" pale kwenye mgao, kitabu cha kuhesabu watu kinakuwa na maana yake. Nikafika sura ya 9. Nilisoma mara tatu. Asubuhi nikawaita watoto nikawaambia, "Noeli yetu ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu."

Sasa tuangalie andiko linavyofundisha kazi hii, maana Mungu hakusema tu "fanyeni baadaye" akanyamaza. Kuna yaliyobadilika na kuna yaliyobaki.

Iliyobadilika ni tarehe. Mwana-kondoo alikuwa yuleyule, mikate ilikuwa isiyotiwa chachu kama ile ya wengine, mfupa usivunjwe, na kisibakizwe kitu mpaka asubuhi. Wafiwa hawakupewa sikukuu nusu. Hawakupewa makombo ya mwezi wa kwanza. Walipewa Pasaka kamili, iliyochelewa. Kwa hiyo usifikiri kwamba ukiifanya Noeli kwa namna nyingine unamfanyia Mungu kitu cha chini.

Na mboga zenye uchungu zilibaki. Hizo hazikutolewa. Pasaka tangu mwanzo ilikuwa na uchungu juu ya sahani, kwa sababu ni chakula cha watu waliokumbuka mateso. Sisi tumejifunza kutoka mahali nisipopajua kwamba sikukuu ni mahali pa kuficha uchungu, kwamba ukilia tarehe 25 umeharibu siku ya wengine. Meza ya Mungu haikuwa hivyo. Uchungu ulikaa katikati ya chakula, kila mtu akautia mdomoni, hata mtoto.

Sisi tulifanyaje? Nitawaambia kwa ufupi, si kwa sababu ni mfano mzuri, maana makosa yalikuwa mengi. Sombe tuliitwanga wote kwa zamu, na mvulana wangu wa miaka 11 alitwanga mbele ya rafiki zake waliomcheka, akaendelea kutwanga. Kitenge hatukununua. Tulikata kilemba cha mama yao vipande vitano, kila mtoto akafunga mkononi. Jambo hilo shemeji zangu hawakulipenda, na mpaka leo sijui kama nilifanya sawa kukata kitambaa kile, lakini watoto bado wanavyo vipande vyao. Wakati wa kugawa nilisahau, nikaanza na mkubwa. Mdogo akalia kwa sauti kubwa: "Mama anaanza na mimi!" Ndipo wote tukalia. Kisha nikachukua sahani zote nikaanza upya.

Tulipomaliza kula kila mmoja alisema neno moja juu ya mama. Nilitegemea wataje upendo wake na maombi yake. Wa tatu akasema, "Mama alikuwa anatupiga na mwiko halafu anatupa chakula kwa mwiko uleule." Tukacheka mpaka majirani wakasikia. Nilifikiri juu ya ndugu waliosema anayecheka anadharau marehemu. Sikuona dharau yoyote katika kicheko kile. Ni mtu anayemkumbuka vizuri tu ndiye anayeweza kucheka namna ile.

Mtu ataniuliza: Je, hiyo si kuabudu wafu? La. Hatumwombi marehemu kitu, hatumwekei chakula, hatumwiti. Tunamshukuru Mungu aliyetupa mtu huyo kwa miaka ile. Waisraeli walipobeba mifupa ya Yusufu hawakuwa wanaiabudu mifupa. Walikuwa wanatimiza neno walilomwahidi.

Na mwingine, msomaji mzuri wa Biblia, atasema: Mzee, Pasaka ilikuwa amri ya Bwana, lakini Noeli tarehe 25 hatukuamriwa popote. Ni kweli kabisa, nami nakushukuru. Lakini fikiri vizuri maana yake. Kama Mungu alikubali kusogeza tarehe ya sikukuu aliyoiamuru yeye mwenyewe kwa ajili ya watu waliotoka kuzika, sisi ni nani tuifanye kuwa chuma tarehe ambayo wanadamu waliipanga?

Hapa nataka nikae kidogo juu ya Haruni, kwa ajili ya wale ambao hata Januari kwao ni mapema. Katika Walawi 10 Haruni amepoteza wana wawili kwa siku moja. Siku hiyohiyo alitakiwa yeye na wanawe waliobaki wale nyama ya sadaka ya dhambi mahali patakatifu. Ilikuwa sheria. Musa akaitafuta nyama ile, akakuta imechomwa, hawakuila, akakasirika. Haruni akamjibu kwa maneno machache: mambo kama haya yamenipata leo, kama ningekula, je, lingekuwa jema machoni pa Bwana? Musa aliposikia aliridhika. Hakuna adhabu iliyofuata. Kuhani mkuu alishindwa kumeza chakula kitakatifu kwa sababu ya kilio, na Biblia imeandika kwamba jibu lake lilitosha. Basi ikiwa wewe mama umezika mtoto mwezi uliopita na harufu ya wali inakukaba, usilazimishwe. Na wewe jirani, usiseme amepungukiwa imani.

Lakini niseme na upande wa pili, maana andiko nalo linasema. Katika Hesabu 9:13 kuna neno kali kwa mtu aliye safi, asiye safarini, ambaye anaacha tu kufanya Pasaka. Siku ya pili iliwekwa kwa wenye sababu. Wapo kati yetu wenye miaka saba, kumi, tangu msiba, na bado katika nyumba yao hakuna sikukuu, hakuna wimbo, redio imefungwa. Siwahukumu, nilikuwa njiani kwenda huko. Ila waangalie watoto. Mtoto aliyezaliwa baada ya msiba naye anaishi ndani ya matanga ya mtu ambaye hakumwona. Mwezi wa pili unakuja, na wenyewe una tarehe.

Kuna jambo jingine limo moyoni mwangu, nalo ni juu ya mabinti wakubwa. Mama akifa, sisi akina baba tunafanya haraka kumgeuza binti mkubwa awe mama. Tunamsifu hata madhabahuni: "Angalieni, amekuwa mama wa nyumba." Binti yangu alikuwa na miaka 14. Kumbe ule mkesha wa Noeli ya 2019, nilipokuwa nimekataza sikukuu, aliamka usiku akatwanga sombe peke yake nyuma ya nyumba, polepole nisisikie, ili wadogo zake wapate kitu. Halafu akaogopa kuipika kwa sababu ya amri yangu, ikaharibika. Aliniambia miaka miwili baadaye. Wapendwa, sikukuu ya mtu aliyefariki haimwangukii mtoto mmoja. Igawanyeni. Mmoja achukue moto, mwingine maji, mwingine kugawa, na baba ashike mchi. Mimi sasa natwanga sombe, na wanaonicheka wanaila. Binti mwacheni aende kwaya na wenzake, avae, arudi amechelewa kidogo kama wasichana wengine.

Wako pia ambao hawana kaburi. Mtu wao alibaki njiani Fizi mwaka 1996 au katika vita vya miaka iliyofuata, au mtumbwi ulizama ziwani, au waliachana Lugufu kabla ya kambi ile kufungwa mwaka 2009 na hawajasikia habari tena. Kwenu ninyi matanga hayana siku ya kuondolewa, na Noeli huwa ngumu kwa sababu hata hamjui mseme "marehemu" au mseme "aliye mbali". Nawaonyesha tena mstari ule: aliyegusa maiti, na aliye safarini. Bwana aliwawekea wote siku moja. Hamhitaji kwanza kujua mtu wenu yuko kundi gani ndipo mkae mezani na kumtaja jina lake.

Na safari za siku hizi nazo zimetugawa. Nyumba nyingi hapa nusu yao wako Marekani, na nusu iliyobaki walikuwa wanangoja kuitwa, mpaka Januari 2025 nchi ile iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Siku ya Noeli simu inapigwa, kila mtu anapewa dakika moja, na salio linaisha mama akiwa bado hajasema alichotaka. Huo si msiba wa kaburi, lakini kigoda kiko wazi vilevile. Familia moja ya kwaya yetu imepatana na watoto wao walio kule kwamba wote watapika maharage yaleyale ya mama siku moja, kila mmoja mahali alipo, na simu ipigwe kabla ya kula na si baada ya kula, wakati salio bado lipo na watoto hawajalala. Nimependa hekima hiyo.

Mstari wa mwisho wa somo letu, wa 14, unamtaja mgeni anayekaa kati ya Waisraeli. Naye akitaka kumfanyia Bwana Pasaka, afanye kwa sheria ileile. Sheria moja kwa mgeni na kwa mzaliwa wa nchi. Nikisoma hapo namkumbuka yule mama Mrundi. Kwake sisi tulikuwa wageni, na kwetu yeye alikuwa mgeni, na wote tuko wageni katika nchi ya Tanzania. Hakungoja niondoe matanga, wala hakuniuliza ni kanisa gani.

Kwa hiyo baraza la wazee limekubali jambo ambalo tumelijaribu kidogo kidogo nyumbani kwetu na katika nyumba nyingine tatu, tulifanye sasa kama kanisa. Ibada ya Noeli tarehe 25 itakuwepo kama kawaida, na wafiwa mkija karibuni, msipokuja hakuna atakayeandika majina. Halafu Jumapili ya mwisho ya Januari, baada ya ibada, tutakuwa na meza ya pili chini ya miembe, kwa ajili ya wote waliozika na wote wenye watu walio safarini. Kila nyumba ilete kikombe kimoja cha chochote: mchele, maharage, unga, chumvi. Asiye na kitu alete kuni. Sombe itatwangwa Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri, na baba wajane wote tunaombwa kufika na michi. Vijana watateka maji.

Hakutakuwa na mgeni rasmi wala hotuba. Kutakuwa na wimbo mmoja wa kufungua, somo hili la Hesabu 9, kisha chakula, na tutaanza kugawa kwa watoto wadogo. Anayependa kutaja jina la mtu wake atataja, na anayependa kunyamaza atanyamaza. Mje na sahani na vijiko vyenu, kwa maana vya kanisa havitoshi.